Gari namba 6 na mwaka usio wake

Kuna picha moja ya gari la mashindano ambayo ukishaiona huisahau. Gari linapita kasi kutoka kushoto kwenda kulia, na pua yake imekatwa na ukingo wa picha. Nyuma, kwenye tangi la mafuta, imechorwa namba 6 kubwa. Ndani wamekaa watu wawili, dereva na fundi wake. Kinachoshangaza ni gurudumu la nyuma: si duara kabisa. Limevutika kama yai na limeinamia mbele. Watazamaji waliosimama kando ya barabara nao wameinama, ila wao wamelalia upande wa pili, kushoto, kana kwamba upepo wa gari umewasukuma.

Aliyeipiga ni Jacques Henri Lartigue, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1894 katika familia yenye uwezo, akapewa kamera tangu utotoni, akakua anakimbiza magari na ndege. Picha hiyo ilikaa miaka mingi bila kujulikana na watu. Mwaka 1963 jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likafanya maonyesho ya kazi zake, na baada ya hapo gari namba 6 likaenda dunia nzima: vitabuni, kwenye mabango, darasani. Kila ilipokwenda ilibeba maelezo yaleyale: gari aina ya Delage, mashindano ya Grand Prix ya Klabu ya Magari ya Ufaransa, Dieppe, tarehe 26 Juni 1912.

Maelezo hayo, bwana, hayakuwa sahihi. Ni kweli ni Grand Prix ya Ufaransa. Lakini gari si Delage, ni Théodore Schneider. Mwaka si 1912, ni 1913. Na mahali si Dieppe, kwa sababu mashindano ya 1913 yalifanyika karibu na Amiens, Picardie, tarehe 12 Julai. Dereva aliitwa Croquet. Kwa miongo kadhaa watu walimtazama usoni huku wakitaja gari ambalo hakuliendesha, katika mashindano ya mwaka mwingine.

Hivi inawezekanaje picha maarufu kiasi hicho ikakosewa, tena miaka yote hiyo? Na wanaorekebisha makosa ya namna hii wanafanyaje? Tuanze na lile gurudumu, maana fizikia yake inaeleza mengi.

Kamera za mashindano za wakati ule hazikufunguka zote kwa mpigo mmoja. Nyingi zilikuwa na pazia lenye mwanya mwembamba, na pazia hilo lilishuka mbele ya bamba la kioo lililopakwa dawa. Mwanga uliingia kupitia mwanya tu, kwa hiyo picha haikuandikwa yote kwa wakati mmoja. Iliandikwa mstari baada ya mstari. Sasa kumbuka kwamba lenzi hugeuza taswira juu chini. Sehemu ya juu ya bamba inapokea kilicho chini duniani, yaani barabara na sehemu ya chini ya tairi. Mwanya ukishuka, unaandika kwanza chini ya gurudumu, kisha katikati, mwisho juu. Katika muda huo mdogo gari limeshasogea kulia kidogo. Basi juu ya gurudumu kunaandikwa kulia zaidi kuliko chini yake, na duara linageuka yai lililoinamia mbele.

Na watazamaji je? Wale hawakusogea, aliyesogea ni Lartigue. Alikuwa anaizungusha kamera kulifuata gari. Kamera ikizunguka kulia, kila kilichosimama huonekana kwenye bamba kikisogea kushoto. Miguu yao iliandikwa kwanza, vichwa baadaye, na vichwa vikaangukia kushoto. Ukitazama kwa makini unagundua kitu kingine: angeizungusha kamera kwa kasi sawasawa na ya gari, gurudumu lingebaki duara na watu pekee ndio wangeinama. Kwa kuwa vyote viwili vimepinda, alikuwa anazungusha lakini gari lilikuwa linamzidi. Ndiyo maana pua imekatwa!

Si lazima uwe na kamera ya mwaka 1913 kuona jambo hili. Piga picha kwa simu kupitia dirisha la basi linalokimbia, nguzo za umeme zilizo karibu na barabara zitalala. Piga panga la ndege ndogo likizunguka, litapinda kama ndizi. Simu nyingi nazo husoma picha mstari kwa mstari.

Kwa mtu anayetaka kutambua gari, hapo kuna hatari. Njia ya kawaida ya kutofautisha magari yanayofanana ni uwiano: umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma ukilinganishwa na kipenyo cha tairi, urefu wa boneti ukilinganishwa na mwili mzima. Kwenye picha ya gari lililosimama, uwiano huo ni ushahidi mzuri. Kwenye picha ya gari lililo kasini, pazia limeshauchezea. Hapa gurudumu si duara na nusu ya mbele ya gari haipo. Umbo peke yake halikutoshi.

Kilichobaki ni namba. Katika mashindano yale kila gari lilipewa namba yake, na orodha ya washiriki ilichapishwa magazetini. Namba 6 ya mwaka mmoja si namba 6 ya mwaka unaofuata. Ukipata orodha ya 1912 na ya 1913, ukaziweka pamoja, kisha ukatafuta picha nyingine za gari hilohilo zilizopigwa na wapiga picha wa magazeti likiwa limesimama, mjadala unakwisha haraka. Si kazi ya ajabu. Inahitaji mtu mmoja tu asiyeamini maandishi ya chini ya picha, halafu awe na subira ya kwenda kuangalia.

Na kutoamini huko ndiko kugumu, kwa sababu aliyeandika mwaka alikuwepo. Lartigue alitunza albamu na kumbukumbu za maisha yake kwa bidii kubwa. Nani atabishana na mtu aliyeshika kamera? Lakini albamu hupangwa na kupangwa upya, miaka hupita, na mashindano mawili yaliyopishana mwaka mmoja, yote ya barabara za vumbi kaskazini mwa Ufaransa, yote yakashindwa na mtu yuleyule, Georges Boillot, kwa gari la Peugeot, huanza kufanana kichwani. Maandishi ya nyuma ya picha ni ushahidi wa kile mwandishi alichokumbuka siku aliyoandika. Kwa hiyo kabla ya kusoma kilichoandikwa, uliza kimeandikwa lini.

Gari lenyewe halina kumbukumbu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Chuma hakijui kusahau. Ila lina kasoro moja ambayo wapenzi wengi wa magari ya zamani huiruka: gari hukupa sakafu, halikupi dari. Linakuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Halikuambii ni ya mwaka gani hasa.

Chukua mfano wa huku kwetu. Tuseme umepewa picha imeandikwa nyuma “Kongwa, 1947”, mwaka ule Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga Tanganyika, uliokuja kuvunjika mwaka 1951. Kwenye picha kuna Land Rover. Hapo hapo ujue maandishi yamekosea, maana Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Angalia sasa taa. Land Rover za mwanzo kabisa taa zao za mbele zilijificha nyuma ya wavu. Baada ya miaka michache wavu ukatobolewa, taa zikachungulia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamia kwenye madigadi, zikaachana, na sura ikawa ile ambayo wengi wetu tunaijua. Kwa hiyo ukiona taa zimekaa pembeni, Kongwa ya karanga imeshapita zamani.

Lakini ukiona taa ziko nyuma ya wavu, usiruke kusema ni 1949. Hiyo ni sakafu tu. Land Rover ile inaweza kuwa imepigwa picha mwaka 1949, au 1965 ikiwa inabeba ndizi na mlango wake mmoja umefungwa kwa kamba. Afrika Mashariki magari hayafi upesi, kila mtu analijua hilo. Gari linabadilishwa injini, linabadilishwa boneti, linapakwa rangi, linaendelea. Kwa hiyo kila kifaa kisomwe peke yake, na sakafu ya picha ni kifaa kipya kuliko vyote kinachoonekana. Bodi ya 1950 yenye taa ya 1962 ni picha ya 1962 au baadaye.

Volkswagen ile ya mgongo wa duara ndiyo rahisi kuliko zote, kama picha imepigwa kwa nyuma. Kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili ni cha gari lililotengenezwa kabla ya Machi 1953. Kioo kimoja chenye umbo la yai ni cha kuanzia hapo hadi katikati ya 1957. Baada ya hapo kikawa kikubwa zaidi, cha pembe nne. Na Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, ina rejeta ya shaba inayong’aa hadi matoleo ya 1916. Kuanzia toleo la 1917 rejeta imevikwa kava jeusi. Ndiyo maana wenye uzoefu, ukiwapa picha ya gari, macho yao huenda kwanza kwenye rejeta, halafu taa, halafu vioo. Rangi hawaitazami.

Kwa nini rangi isitazamwe? Kwanza kwa sababu picha ni nyeusi na nyeupe, sawa. Lakini hata weusi na weupe wenyewe hudanganya. Dawa iliyopakwa kwenye mabamba mengi ya mwanzoni mwa karne ya 20 haikuhisi mwanga mwekundu. Kitu chekundu kilitoka karibu cheusi, na kitu cha bluu kikatoka cheupecheupe. Sasa fikiria uwanja wa mashindano ambako kila nchi ina rangi yake: Ufaransa bluu, Italia nyekundu, Uingereza kijani, Ujerumani nyeupe, Ubelgiji njano. Mtazamaji wa leo anaona gari la Kifaransa limetoka jeupe, anasema Mjerumani huyo. Anaona la Kiitalia jeusi, anaanza kutafuta timu isiyokuwepo. Mabamba yanayohisi rangi zote yalikuwa yameanza kuuzwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ila yalichukua muda kuenea, kwa hiyo huwezi hata kusema kwa uhakika bamba ulilonalo ni la aina gani mpaka uone kitu chenye rangi unayoijua, kama bendera.

Usukani nao una mtego wake. Wengi huamini usukani wa kulia ni gari la Kiingereza. Magari mengi ya Kifaransa na ya Kiitalia ya kabla ya 1914, hasa ya mashindano, yalikuwa na usukani kulia ingawa nchi zao ziliendesha upande wa kulia wa barabara. Na kabla hujaujengea hoja usukani, hakikisha picha haikusafishwa kinyume. Negativi ikigeuzwa, kila kitu kinahama upande. Tafuta maandishi yoyote: kibao cha duka, namba ya gari. Kama hakuna, angalia vifungo vya makoti ya wanaume.

Kinachotoa dari, yaani mwisho wa muda, mara nyingi si gari bali kitu kilichobandikwa juu yake. Safari Rally ni mfano mzuri. Ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mwaka 1960 ikawa East African Safari. Kibao cha mlangoni chenye jina la kwanza kinakufungia picha kati ya 1953 na 1959, hata kama gari lenyewe lingeweza kuishi miaka 20 zaidi. Kwa upande mwingine, Peugeot 404, Pijo kama wazee wanavyoiita, ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa yuleyule, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania, na msaidizi wake yuleyule, Chris Rothwell. Mwanzoni na mwishoni alikuwa Nick Nowicki wa Kenya. Kwa hiyo ukikuta picha ya Pijo imejaa matope na mataji ya maua juu ya boneti, kujua ni 404 kumekusaidia nusu tu. Namba ya mlangoni ndiyo itakayosema.

Vilevile vile vibao vya duaradufu vya safari za nje: EAK ni Kenya, EAU Uganda, EAT Tanganyika, EAZ Zanzibar. Gari lenye EAZ likionekana katikati ya vichaka vya bara, ujue lilipanda chombo kwanza.

Picha ambazo naona zinastahili kazi hii kuliko zote, kwetu sisi, ni za msafara wa Citroën wa 1924 na 1925, ule ambao Wafaransa waliuita Croisière Noire. Magari manane ya nusu mnyororo, yaani matairi mbele na mikanda ya mpira nyuma, yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, tarehe 28 Oktoba 1924, yakiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalivuka Sahara, yakapita Chad na Kongo, na Kampala msafara ukagawanyika makundi manne ya magari mawilimawili. Moja likapita Nairobi hadi Mombasa. Jingine likaja Dar es Salaam. La Haardt likaenda Msumbiji, la nne likashuka hadi Cape Town. Walipanga kukutana Madagaska, na walikutana katikati ya 1925.

Kwa mtambuzi wa picha hii ni zawadi, kwa sababu kila gari lilichorwa nembo yake ubavuni. La Haardt lilikuwa na mdudu wa dhahabu, yule wa Misri ya kale wanayemwita skarabu. La Audouin-Dubreuil lilikuwa na mwezi mwandamo wa fedha. Mengine yalikuwa na tembo mwenye mnara, farasi wa mabawa, njiwa, konokono wa mabawa na kadhalika. Baada ya Kampala kila kundi lilishika njia yake, kwa hiyo nembo ni ramani. Picha isiyo na maelezo, minazi nyuma, mwezi mwandamo ubavuni: huyo ni Audouin-Dubreuil, na pwani ni ya Mombasa, wala si Dar es Salaam.

Ila kuna mtego. Skarabu na mwezi mwandamo vilikuwa tayari vimetumika kwenye safari iliyotangulia, ya magari matano, iliyovuka Sahara kutoka Touggourt hadi Timbuktu kati ya Desemba 1922 na Januari 1923. Nembo ileile, mwanzilishi yuleyule, jangwa lilelile, safari mbili. Ukikuta skarabu mchangani, tazama magari ya nyuma yake. Ukimwona kobe arukaye, hiyo ni ya kwanza. Ukimwona konokono wa mabawa, hiyo ni ya pili.

Sasa angalia kilichotokea hapa. Magari manane, na kila moja lina jina, linajulikana lilipopita na lilipofika. Lakini wale watu waliosimama pembeni yake kwenye picha hizohizo, waliokata njia na kujenga madaraja kwa amri ya serikali za kikoloni ili mikanda ya mpira ipite, wengi wao chini yao pameandikwa “wenyeji” basi. Wapenzi wa magari wana subira ya kuhesabu boliti za rejeta, na subira hiyo naiheshimu. Ila mara nyingi inaishia kwenye ukingo wa madigadi.

Inaweza kusogea mbele zaidi, na tunao mfano. Picha maarufu kuliko zote za msafara ule si ya gari. Ni ya mwanamke wa Kimangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo, uso wa upande, nywele zimesukwa kwa mtindo wa kurefusha kichwa, iliyopigwa na Georges Specht. Ilitumika kuutangaza msafara, na sura yake ikachongwa hadi kuwa pambo la juu ya rejeta. Alikuwa na jina: Nobosodru.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna picha ya babu ameegemea Bedford au Land Rover, iskani pande zote mbili, kwa sababu mhuri wa studio ya picha mara nyingi uko nyuma. Usiikate kingo. Namba ya gari, kibao cha duka na kivuli cha mtu aliyeshika kamera hukaa pembeni. Aina ya gari itapatikana hata miaka 50 ijayo, maana vitabu vya Land Rover vipo tele. Kinachotakiwa kuulizwa wiki hii, bibi akiwa bado anaona vizuri, ni yule kijana aliyekaa juu ya mizigo, mguu mmoja nje, alikuwa nani, na alikuwa tanboi wa gari la nani.